Shajara ya mradi: kuijenga upya fahirisi ya hisa 20 za Nairobi kwa lahajedwali

11 Januari 2025: Swali, na tunachotaka kupata

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Mombasa. Pamoja na kiwanja na akiba ya benki, tuna hisa kidogo kidogo za kampuni za Nairobi. Kila mwaka ukiisha wanachama huniuliza soko limepanda au limeshuka, na kila mara jibu huzaa mabishano, kwa kuwa redio hutaja namba mbili zisizoelewana.

Chukua kipindi kinachotuuma zaidi, yaani kuanzia mwisho wa 2014 hadi mwisho wa 2019. NSE 20, fahirisi kongwe (yaani namba moja inayofupisha mwenendo wa bei) ya kampuni 20 kubwa za soko la hisa la Nairobi, ilifunga 2014 kwenye pointi 5,113 ikafunga 2019 kwenye 2,654. Karibu nusu imekwenda. NASI, fahirisi ya hisa zote, ilifunga 2014 kwenye 163 ikafunga 2019 kwenye 166. Hapo hakuna kilichopotea, tena kuna faida ya kununulia chai. Soko ni lile lile na miaka ni ile ile mitano.

Ndani ya chama zimezuka kambi mbili. Wanaosema tumefanya vibaya wanashika NASI, na wanaosema tumefanya vizuri kuliko wengi wanashika NSE 20. Basi nimeamua kuzijenga zote mbili kwa mkono, kutoka bei za gazeti hadi namba ya mwisho, nione zinaachana wapi. Naandika hapa ili mweka hazina wa chama kingine asianze na karatasi tupu.

Zana ni kompyuta ya mkononi ya zamani, programu ya lahajedwali (spreadsheet) na mpwa wangu aliye chuoni, ambaye anajua fomula kuliko mimi. Gharama mpaka sasa ni sifuri.

26 Januari: Kukusanya bei

Data ya kihistoria inauzwa, lakini bei yake haimfai mtu anayejifunza. Nilikwenda maktaba nikaomba magazeti ya mwanzo wa Januari 2015 na mwanzo wa Januari 2020, yenye jedwali la bei za tarehe 31 Desemba, kisha nikatoa kopi. Kwa siku za katikati nilichukua mwisho wa kila robo mwaka. Kopi, nauli na chai ya mchana zimekula shilingi 1,150.

Kuna mambo mawili ya kuangalia ukifanya kazi hii.

La kwanza, bei ya kufunga ya Nairobi si bei ya biashara ya mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila biashara ikipimwa kwa wingi wa hisa zilizouzwa. Hisa isipouzwa kabisa siku hiyo, bei ya jana inabaki palepale. Kwa hiyo usishangae kampuni ndogo ikirudia namba moja wiki nzima.

La pili, majina hubadilika. Barclays ya 2014 ni Absa ya leo. NIC iliungana na CBA mwaka 2019 ikawa NCBA. CFC Stanbic ikawa Stanbic. Ukipanga safu kwa alfabeti, kampuni zinahama mistari na bei ya mmoja inaangukia kwa mwingine. Mimi nimempa kila mmoja namba yangu mwenyewe, 01 hadi 20, na namba hiyo haibadiliki hata kampuni ikibadilisha jina na rangi ya ukuta.

8 Februari: Wastani wa kawaida (umetupwa)

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi: jumlisha bei 20, gawanya kwa 20. Hata fahirisi ya Dow Jones ya New York ilianza hivyo mwaka 1896 ikiwa na kampuni 12, na mpaka leo inajumlisha bei, ila kigawanyo chake kimerekebishwa mara nyingi mno hivi kwamba sasa kiko chini ya moja.

Kwa Nairobi njia hii haifai kabisa. Mwisho wa 2019 hisa moja ya BAT ilikuwa kama shilingi 500, ya Safaricom shilingi 31.50, na ya Kenya Power chini kidogo ya shilingi tatu. BAT ikipanda kwa asilimia moja tu, jumla inaongezeka shilingi tano. Safaricom ili ilete shilingi tano hizo lazima ipande asilimia 16. Kenya Power lazima ikaribie kujizidisha mara tatu. BAT, kampuni ya sigara, inaamua kila kitu kwa sababu tu bei ya hisa yake moja ni kubwa. Nimeifuta safu yote.

22 Februari: Wastani wa kijiometri na seli tupu

NSE 20 hutumia wastani wa kijiometri. Badala ya kujumlisha bei unazizidisha zote, kisha unatafuta kipeuo cha 20 cha zao hilo. Faida yake ni kwamba kinachohesabiwa ni asilimia, si shilingi. Hisa ya shilingi 500 ikipanda asilimia kumi na hisa ya shilingi tatu ikipanda asilimia kumi, zote mbili zinaisogeza fahirisi kwa kiasi kile kile, yaani karibu nusu ya asilimia moja. Katika lahajedwali fomula ni GEOMEAN, unaipa safu ya bei na kazi imekwisha.

Haikuisha. Mstari wa robo mwaka mmoja ulionyesha fahirisi imeanguka asilimia 15, na robo iliyofuata ikarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitafuta habari za wakati huo, uchaguzi, riba, ukame, nikawa karibu kujitungia sababu. Mpwa wangu aliangalia skrini mara moja tu.

"Mjomba, hii seli ya BAT mbona tupu?"

Kweli, kopi ya siku ile ilikuwa imekunjamana nami nikaruka mstari. GEOMEAN haimlalamikii mtu kwa seli tupu. Inairuka tu na kuhesabu kampuni 19. Kwa kuwa iliyorukwa ndiyo yenye bei kubwa kuliko zote, wastani ukaporomoka. Tulijaribu kuifuta ya Kenya Power badala yake, na fahirisi ikapanda zaidi ya asilimia kumi. Bei iliyokosekana inaweza kutengeneza mporomoko au sherehe, kutegemea ni ya nani.

Marekebisho tuliyofanya: bei ghafi zinakaa kwenye karatasi yake, na karatasi ya pili inavuta bei kutoka huko kwa fomula inayosema "kama seli ni tupu, chukua bei ya mwisho inayojulikana." Seli iliyojazwa namna hiyo inageuka rangi ya chungwa ili tujue ni ya kuazima. Pia hatuzidishi tena bei zenyewe. Kila bei inagawanywa kwa bei ya siku ya kuanzia, kisha tunatafuta wastani wa kijiometri wa uwiano huo na kuuzidisha kwa 100. Hesabu ni ile ile, ila sasa kila namba ukiitazama unaona nani ameinuka na nani amelala.

9 Machi: Kenya Re na hisa za bure

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu.

Mwaka 2019 Kenya Re iliwapa wanahisa wake bonasi ya hisa tatu mpya kwa kila hisa moja waliyokuwa nayo. Hisa zote zikaongezeka kutoka takriban milioni 700 hadi bilioni 2.8. Aliyekuwa na hisa 100 akalala nazo na kuamka na 400, na bei ya kila moja ikashuka hadi kama robo. Mali yake haikupungua hata senti. Gazeti lakini linaandika bei tu, na lahajedwali langu likaona kampuni imepoteza robo tatu ya thamani kwa usiku mmoja.

Kipeuo cha 20 cha robo ni 0.933. Maana yake, karatasi ile ya bonasi peke yake iliishusha fahirisi yangu nzima kwa karibu asilimia saba. Katika soko ambalo mwaka mbaya unaweza kuwa wa asilimia kumi, asilimia saba za uongo si za kuachia.

Dawa ni jedwali la vigezo lenye safu tatu: tarehe, kampuni, kigezo. Bei zote za kabla ya tarehe hiyo zinazidishwa kwa kigezo. Kenya Re ya 2019 ni 1/4. Co-operative Bank, iliyotoa hisa moja ya bonasi kwa kila tano mwaka 2017, ni 5/6.

KenGen ni ngumu zaidi kwa kuwa haikutoa bure. Mwaka 2016 iliwauzia wanahisa wake hisa mbili mpya kwa kila moja, kwa shilingi 6.55. Hapo lazima upate bei ya nadharia baada ya mauzo. Tuseme bei ya sokoni siku ya mwisho kabla ya haki hiyo ya kununua kukatika ni shilingi 7. Mwenye hisa moja ya 7 anaongeza mbili za 6.55, anakuwa na mali ya shilingi 20.10 katika hisa tatu, yaani 6.70 kila moja. Kigezo ni 6.70 gawanya kwa 7, takriban 0.957. Ukidhani ni bonasi ukaweka 1/3, umeitengenezea KenGen faida kubwa ambayo haikuwapo.

Kenya Airways ndiyo iliyotutoa jasho. Mwaka 2017 madeni ya serikali na ya mabenki yaligeuzwa kuwa hisa na muundo mzima wa mtaji ukabadilika. Tulisoma matangazo ya kampuni mstari kwa mstari, tukapiga hesabu mara ya pili kwa kalamu kabla ya kuamini kigezo. Anayeiga kazi hii na hataki maumivu ya kichwa, aanze na kipindi cha baada ya 2017.

Gharama: data ya intaneti ya shilingi 500, karibu yote kwa kupakua ripoti za mwaka.

30 Machi: Orodha ya leo haiwezi kurudi jana

Baada ya kusafisha bonasi nilipiga hesabu yote kutoka 2014 hadi 2019. Fahirisi yangu ilishuka kwa theluthi hivi. Ile rasmi ilishuka karibu nusu. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuilaumu kopi iliyokunjamana.

Tulizipitia fomula zote, zikawa sawa. Kasoro ilikuwa kwenye orodha ya majina. Nilikuwa nimechagua kampuni 20 ambazo ni kubwa sasa hivi, mwaka 2025: Safaricom, Equity, KCB, Co-op, Absa, EABL, Standard Chartered na wenzao. Hizi ni kampuni zilizobaki. Mtu aliyenunua hisa mwaka 2014 hakupewa orodha ya watakaobaki. Alinunua pia ARM Cement, Mumias ya sukari na Uchumi ya maduka makubwa, na zote tatu zilikuwa majina ya kuheshimika.

Tazama ARM peke yake. Mwisho wa 2014 hisa yake ilikuwa zaidi ya shilingi 80. Agosti 2018 ilisimamishwa sokoni ikiwa 5.55. Katika wastani wa kijiometri wa kampuni 20, anguko hilo peke yake linakata zaidi ya asilimia 12 ya fahirisi nzima. Safaricom katika miaka ile mitano ilipanda kutoka 14.05 hadi 31.50, zaidi ya mara mbili, na mchango wake wote ni asilimia nne na kidogo. Kulifidia kaburi la ARM zingehitajika Safaricom zaidi ya tatu. Nation Media, iliyotoka zaidi ya 250 hadi karibu 40, na Kenya Power, iliyotoka kama 14 hadi chini ya tatu, zilifanya yaliyobaki.

Nikarudi maktaba, safari hii kutafuta nani alikuwa mkubwa mwishoni mwa 2014 kwa mtaji wa soko (bei ya hisa mara idadi ya hisa zote) na kwa uchangamfu wa biashara, mambo ambayo soko lenyewe huyatazama linapopanga orodha yake. Niliandika majina 20 bila kujali yaliyowapata baadaye. Kampuni ikiondoka katikati, kwa mfano KenolKobil iliponunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019 kwa shilingi 23 kwa hisa, tunaifunga kwa bei yake ya mwisho, tunaingiza nyingine, na kuanzia siku hiyo mnyororo mpya wa hesabu unaunganishwa na wa zamani kwa kuzidisha. Fahirisi isiruke wala isishuke kwa sababu tu mchezaji amebadilishwa.

Hesabu mpya ilitua asilimia chache tu kutoka kwenye namba rasmi. Sina orodha yao ya kila marekebisho, kwa hiyo sitarajii kulingana kabisa. Imetosha.

Mzee mmoja wa chama, ambaye huzisoma taarifa zangu hadi nukta ya mwisho, alipiga simu: "Mwanangu, kwa hivyo hao wanaotuonyesha michoro ya kampuni bora kumi ungenunua mwaka fulani ungekuwa tajiri, wanatuchezea hivihivi?" Nikamwambia naam, mzee, hivihivi.

19 Aprili: Mtaji wa soko na kigawanyo

Sasa njia ya NASI. Ilianzishwa Februari 2008 na kuhesabiwa kutoka pointi 100 za tarehe 1 Januari 2008. Inazidisha bei ya kila kampuni kwa idadi ya hisa zake, inajumlisha, kisha inagawanya kwa kigawanyo. Ni kama mkutano wa chama ambapo kura hupigwa kwa kadiri ya mchango wa mtu, ilhali NSE 20 ni kila kichwa kura moja.

Jaribio la kwanza lilitoa upuuzi. KenGen ya 2014 ilionekana jitu. Nilikuwa nimechukua idadi ya hisa za leo, takriban bilioni 6.6, nikazidisha kwa bei ya 2014, wakati huo hisa zilikuwa bilioni 2.2 tu. Kenya Re ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu imetoa bonasi nyingine ya hisa moja kwa kila hisa moja mwaka 2024, kwa hiyo hisa zake za leo ni mara nane ya zile za 2014.

Kanuni, na iandikwe kwa wino mwekundu: wastani wa kijiometri unataka bei zilizorekebishwa; mtaji wa soko unataka bei ghafi ya siku ile na idadi ya hisa za siku ile ile. Ukichanganya, unarekebisha mara mbili au hurekebishi kabisa. Tumefungua jedwali la tatu, idadi za hisa, kila mstari na tarehe inapoanza kutumika. Bonasi haihitaji kigezo hapa, bei inagawanywa kwa nne na hisa zinazidishwa kwa nne, jumla inabaki palepale, mradi vyote viwili vibadilike siku moja. Kwetu vilipishana robo mwaka moja na Kenya Re ikapotea njia, tukaisahihisha.

Kigawanyo kilichukua jioni nzima kumweleza mke wangu, na kwa kumweleza ndipo nami nikakielewa. Soko lina mtaji wa bilioni 1,000, kigawanyo 10, fahirisi 100. Inaingia kampuni mpya ya bilioni 200. Mtaji sasa ni 1,200. Ukiacha kigawanyo 10, fahirisi inakuwa 120 na watu wanapongezana, na hakuna aliyepata kitu. Unabadilisha kigawanyo kuwa 12 na fahirisi inabaki 100. Fedha mpya za KenGen mwaka 2016 zinashughulikiwa vivyo hivyo. Safaricom ilipoingia sokoni Juni 2008 na hisa zake bilioni 40, bila kigawanyo NASI ingeruka kama chura.

Matokeo yalifumbua fumbo la chama. Mwisho wa 2014 Safaricom ilikuwa na thamani ya bilioni 563 katika soko la trilioni 2.3, karibu robo. Mwisho wa 2019 ilikuwa trilioni 1.26 katika soko la trilioni 2.54, karibu nusu. Iondoe, na waliobaki wote kwa pamoja wametoka trilioni 1.7 hadi trilioni 1.3. Safaricom ilikuwa imewabeba mgongoni. NASI haikusema uongo kwamba soko halikusogea. Ilijumlisha mmoja aliyepaa na wengi waliozama.

10 Mei: Waliosimamishwa

Kampuni iliyosimamishwa haina bei mpya, lakini ile ya mwisho inaendelea kuning'inia. Kenya Airways ilikaa kwenye 3.83 tangu Julai 2020 hadi ilipofunguliwa tena Januari 2025. ARM imebaki 5.55. Mumias imebaki senti 27 tangu 2019. Fomula yetu ya kuazima bei ya mwisho inawahesabu kama watu wazima waliotulia, hawapandi, hawashuki, miaka inapita.

Tulijaribu njia tatu.

Kuwaacha palepale: fahirisi inaonekana tulivu kuliko hali halisi.

Kuweka sifuri kwa kampuni ambayo wanahisa hawatarajii kupata chochote: haiwezekani. Katika wastani wa kijiometri sifuri moja inazidisha zote na fahirisi nzima inakuwa sifuri, Safaricom na Equity zikiwemo. Programu yenyewe inakataa na kutoa alama ya kosa.

Kuweka senti tano badala ya sifuri: ARM kutoka 5.55 hadi 0.05 inaikata fahirisi asilimia 21, na ukiweka senti moja inakata karibu 27. Namba unayoibuni ndiyo inayoamua matokeo. Tumeiacha.

Tuliyoamua ni kwamba kampuni iliyosimamishwa zaidi ya robo mwaka moja inatolewa kwa bei yake ya mwisho na nafasi yake inachukuliwa na nyingine. Najua njia hii inaficha pigo la mwisho, maana aliyekuwa na ARM hakuuza kwa 5.55, alibaki nayo. Basi tumeongeza safu pembeni, yenye kichwa "Waliofia mikononi", kila kampuni na bei iliyotoka nayo. Fahirisi haisomi safu hiyo. Wanachama wanaisoma.

7 Juni: Namba ya chama

Nilidhani nikifika hapa nitachagua mojawapo kati ya mbili. Zote hazitufai, na sababu ni tofauti.

Ya mtaji wa soko inahesabu hisa ambazo hakuna anayeweza kuzinunua. Mwaka 2019 Safaricom ilishikwa na serikali kwa asilimia 35 na kundi la Vodafone kwa kama 40, umma ulikuwa na robo tu. Kwa mtaji wote, mwisho wa 2019 Safaricom ilikuwa zaidi ya mara sita ya Equity. Ukihesabu hisa zilizo mikononi mwa umma pekee, haifiki mara mbili. Tumeongeza safu ya hisa huru, na fahirisi inayotoka inaegemea mabenki zaidi.

Ya kijiometri ina kasoro ambayo haionekani hadi uishike kwa shilingi. Weka shilingi 1,000 kwenye hisa moja na 1,000 kwenye nyingine. Ya kwanza inaongezeka mara mbili, ya pili inashuka kwa nusu. Mfukoni una 2,000 na 500, jumla 2,500, yaani faida ya robo. Wastani wa kijiometri unasema mbili mara nusu ni moja, hakuna kilichobadilika. Daima unakuwa chini ya mfuko wa mtu aliyegawa fedha zake sawasawa na kutulia, na kadiri kampuni zinavyoachana ndivyo pengo linavyopanuka. Miaka ya 2014 hadi 2019 ziliachana vibaya sana. Kwa hiyo NSE 20 ya kipindi kile, kwa mwenye fedha sawa katika kila kampuni, iliogofya kuliko hali yake halisi.

Chama chetu kilinunua kwa mafungu yanayokaribiana, bila kuuza na kununua upya kila mwezi. Kipimo kinachotuhusu ni cha tatu, rahisi kuliko vyote: wastani wa kawaida wa uwiano wa bei, kila kampuni kwa uzito sawa siku ya kununua. Si wastani wa bei niliotupa Februari. Ni wastani wa uwiano, na ARM ikifa inapoteza sehemu yake ya ishirini, basi, haivuti wengine kaburini. Safu hiyo ndiyo itakayosomwa kwenye mkutano wa Julai, NSE 20 na NASI zikiwa pembeni yake. Kambi zote mbili zimeshaletewa faili. Moja imeanza kuulizia mgao wa faida.

Na wanauliza haki. Hakuna kati ya fahirisi hizi inayohesabu mgao. DAX ya Ujerumani, ile inayotangazwa kila siku, huurudisha mgao ndani ya hesabu. NSE 20 haifanyi hivyo. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2019 Safaricom ililipa 1.25 na nyongeza maalumu ya 0.62 kwa hisa. BAT kwa mwaka 2018 ililipa shilingi 35. Kwa hisa ya kama 500 hiyo ni asilimia saba kwa mwaka mmoja, na mwenye BAT aliyetazama bei tu amejiona maskini bure. Hatua inayofuata ni jedwali la nne: tarehe ya kufunga vitabu (siku ya kutambua nani atalipwa mgao), kiasi, kodi ya zuio ya asilimia tano kwa mkazi. Kisha nitatazama Bamburi, iliyonunuliwa na Amsons ya Tanzania mwishoni mwa 2024 kwa shilingi 65 kwa hisa, maana wanachama wawili waliuza na sijaingiza fedha zao popote.

Jumla ya gharama hadi leo ni shilingi 2,300 pamoja na vifurushi vya intaneti, na kompyuta ya mpwa wangu iliyomwagikiwa chai, ambayo bado tunajadiliana nani alipe. Anayetaka kuiga afungue karatasi tano kwa mpangilio huu: bei ghafi, vigezo, idadi za hisa, orodha ya kampuni kwa tarehe, na hesabu. Asiandike namba yoyote kwa mkono kwenye karatasi ya tano.